Kunyoosha bati lililobonyea bila kuharibu rangi

Embe likidondokea boneti huacha shimo la mviringo, lililolala, lisilo na kona. Mlango wa gari la jirani ukigonga wako huacha alama ndogo yenye mkunjo mkali. Shimo la embe, hata likiwa pana kama kisahani, mara nyingi hunyooka likarudi lilivyokuwa. Ule mkunjo mdogo unaweza kumshinda hata fundi mzoefu, kwa sababu pale bati limetanuka, na bati lililotanuka halina pa kurudi. Kwa hiyo usipime kazi kwa upana wa mbonyeo. Angalia ukali wake.

Kabla ya yote, kagua rangi. Osha sehemu hiyo, ikaushe, kisha pitisha kucha taratibu. Kucha ikikwama kwenye ufa, rangi imeshakatika. Hapo ni kazi ya puti (udongo wa kujazia mashimo ya bati kabla ya kupaka rangi) na rangi, usipoteze muda. Halafu chukua sumaku nyembamba iliyofunikwa kwa kitambaa laini, uilinganishe kwenye mbonyeo na pembeni yake. Ikishika kwa nguvu ileile, chini kuna chuma kitupu. Ikilegea, kuna puti. Ikikataa boneti nzima, hiyo ni aluminiamu: hairudi kirahisi kama chuma, mpelekee mwenye vifaa. Jambo hili lina uzito kwetu, maana magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa yalishatumika Japani, na baadhi yamepigwa rangi upya. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, ina unene wa takriban milimita 0.1 hadi 0.15, na hustahimili kuvutwa kwa gundi. Ya gereji inaweza kubanduka yote.

Bila taa hakuna kazi. Simamisha taa ya tyubu upande wa pili wa mbonyeo ili mwanga wake uonekane juu ya rangi kama mstari mweupe. Kwenye bati zima mstari hunyooka. Unapopinda ndipo penye kasoro. Kuzunguka shimo utaona duara lililoinuka kidogo. Ukiwa na shaka, weka kitambaa chembamba cha pamba na upitishe kiganja juu yake: vilivyoinuka utavihisi upesi kuliko ukigusa kwa ngozi tupu. Duara hilo ndilo linalolifunga shimo. Anayeanza hukimbilia kusukuma katikati, akatoa kipele chenye nyufa za nyota huku duara likiwa palepale.

Sasa tafuta njia ya kufika nyuma ya bati. Kwenye boneti toa klipu za zulia la kuzuia joto. Kwenye madigadi toa plastiki ya ndani juu ya tairi. Kwenye mlango teremsha kioo, kisha ingiza kipande cha plastiki ngumu kati yake na chuma ili usikikwaruze. Baadhi ya milango ina sensa za mifuko ya hewa. Chomoa waya hasi wa betri na usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kuingiza chuma chochote. Usitoboe tundu ili kupata njia. Kutu itaanzia hapo.

Pasha bati moto kwa draya ya nywele, umbali wa kama sentimita 15, ukiizungusha bila kutulia mahali pamoja. Joto linatosha ukiweza kutuliza kiganja juu ya bati bila kuungua. Asubuhi ya Juni huko Njombe, rangi iliyopoa ina ugumu unaokatika. Usiiguse kabla ya kuipasha.

Tumia fimbo yenye ncha ya mviringo iliyozungushiwa utepe. Bonyeza kidogo na utazame mstari wa mwanga ukitikisika, hapo utajua ncha iko wapi. Anzia ukingoni mwa shimo, zunguka, ukisogea ndani taratibu. Kila msukumo uwe mdogo kiasi cha kuonekana kwa shida. Baada ya misukumo michache, geukia duara: weka juu yake kijiti cha nailoni chenye kichwa cha mviringo na ukigonge kwa nyundo ndogo, nyepesi. Ukingo unaposhuka, katikati hupanda kwa urahisi. Shimo la ukubwa wa sarafu linaweza kudai misukumo mia moja, na ni sawa.

Nyuma pasipofikika, vuta kwa gundi. Futa nta na mafuta kwa spiriti ya aisopropili, ukaushe. Chagua kifungo cha kuvutia kidogo kuliko shimo, kipake gundi ya moto, kibandike bila kuikamua yote itoke. Gari liwe kivulini. Juani gundi haishiki. Subiri kama dakika moja, mpaka iwe vuguvugu, kisha vuta kwa daraja lake (kifaa chenye miguu inayokaa juu ya bati pembeni mwa shimo, kinachokivuta kifungo juu), polepole na wima. Gundi ikiachia bati, palikuwa na mafuta au bati lilikuwa baridi mno. Ikibaki kwenye bati bila kifungo, safisha kifungo na ukikwaruze kwa msasa. Kuitoa, nyunyizia spiriti pembeni mwake, ngoja, kisha ibandue kwa kibao cha plastiki. Vuta mara nyingi kwa nguvu ndogo. Mvuto mmoja mkubwa hutoa kilima, nawe utarudia kukigonga.

Wapo wanaoshauri kumwagia mbonyeo maji ya moto kisha barafu; hilo linafaa bampa, maana plastiki hulainika. Mimina maji yaliyochemka, sukuma kutoka nyuma ukiwa umevaa glavu nene, kisha mwagia maji baridi ili ikae. Kwenye bati la chuma hayasaidii lolote la maana.

Ukimaliza, zungusha taa pande nne. Likibaki shimo dogo kama punje ya mtama, linaloonekana kwa taa tu, liache: misukumo ya mwisho ndiyo inayopasua rangi iliyokuwa salama.