Kunasa FM safi kwenye risiva ya nyumbani, Nairobi na viunga vyake

Risiva ya stereo (redio ya mezani inayoendesha spika za nje) inayokwaruza si lazima iwe mbovu. Mara nyingi shida ni antena: haipo kabisa, au waya wake umekunjwa nyuma ya kabati ukiwa bado umefungwa kama ulivyotoka kiwandani. Anza hapo kabla ya kumtafuta fundi.

Tazama nyuma ya risiva, palipoandikwa ANTENNA. FM huwa na tundu moja la duara la omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Mashine za zamani zina pia skrubu mbili za omu 300. Vibanio viwili vya AM (bendi ya mawimbi ya kati) ni vya antena ya kitanzi, na ukichomeka waya wa FM hapo hutapata kitu cha maana.

Kama antena ya FM ilipotea, itengeneze kwa mita 3 au 4 za waya pacha wa spika. Ncha moja, zitenganishe nyaya mbili kwa sentimita 75, kisha piga fundo pale zinapoachana ili zisiendelee kupasuka. Zitandaze kulia na kushoto zifanye herufi T. Mikono yote miwili kwa pamoja ni sentimita 150, karibu nusu ya urefu wa wimbi katikati ya bendi ya FM, yaani MHz 87.5 hadi 108. Ncha ya pili, waya mmoja uende kwenye pini ya katikati ya plagi inayoingia kwenye tundu la FM na mwingine kwenye ganda lake. Angalia sana hapa: uzi mmoja mwembamba wa shaba ukivuka na kugusa upande wa pili, umepiga shoti na antena yote imekufa.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko bei ya risiva. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ipandishe juu, karibu na dirisha, mbali na mabati na nondo. Antena ya T husikia vizuri kinachotoka mbele na nyuma yake, na husikia vibaya kinachotoka kwenye ncha za mikono. Stesheni nyingi za Nairobi hurushwa kutoka Limuru, kaskazini-magharibi mwa jiji. Basi mikono ielekee kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Ikikataa, isimamishe wima ujaribu tena. Kuisogeza nusu mita tu kunaweza kumaliza ule mchakacho wa herufi "s", ambao hutokana na mawimbi yanayogonga majengo na kufika kwa kuchelewa.

Sasa tafuta stesheni. Utafutaji wa AUTO husimama penye nguvu tu na kuruka stesheni dhaifu. Hizo zifuate kwa mkono, hatua kwa hatua. Risiva nyingi zikiwa kwenye MANUAL hutoa sauti ya mono (sauti ileile kwenye spika zote), kwa hiyo taa ya STEREO isipowaka usishtuke. Stereo huhitaji mawimbi yenye nguvu zaidi. Stesheni ya mbali ikivuma, iache mono: taarifa ya habari haipotezi chochote.

Risiva iliyoletwa kutoka Marekani ina kisa chake. Kwanza umeme: kama nyuma imeandikwa V 120 pekee, itaungua kwenye V 240 bila transfoma ya kushusha. Pili, FM yake huenda kwa hatua za MHz 0.2 na kutua tu kwenye namba zinazoishia na tarakimu witiri. Utapata Radio Taifa kwenye 92.9, lakini Capital FM ya 98.4 itakuwa katikati ya 98.3 na 98.5, ikisikika imepasuka pande zote mbili. AM nayo huruka kwa kHz 10 badala ya 9 za huku, hivyo masafa hulingana kila baada ya kHz 90 tu: 540, 630, 720. Tafuta swichi ya hatua nyuma ya mashine, au usome kitabu chake. Nyingi hubadilishwa kwa kushikilia kitufe fulani wakati wa kuwasha. Baada ya hapo sauti ikiwa nzito kidogo, ongeza trebo, kwa sababu Marekani hutumia kipimo tofauti cha kurekebisha sauti kali.

Mvumo ukija usiku tu, zima balbu za LED na chaja moja moja mpaka utulie. AM huumia zaidi. Zungusha kitanzi chake polepole, kuna upande ambao kelele hushuka ghafla. Nawe ukikaa chini ya mnara wa kurushia matangazo, stesheni moja ikajitokeza sehemu tatu za bendi, mawimbi yamezidi: fupisha waya.

Kuhifadhi stesheni kufanyike mwisho, kwani kubadilisha hatua mara nyingi hufuta kumbukumbu yote. Ipate stesheni, bonyeza MEMORY, kisha chagua namba kabla taa haijaacha kumemeta.