Kamera ya filamu ya mtumba: usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Kabla ya jina na bei, angalia shata, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Tafuta ile ambayo shata yake inaendeshwa na springi, na betri kazi yake ni kipimamwanga tu. Betri ikifa, bado unapiga picha. Pentax K1000, iliyotoka mwaka 1976, ni ya aina hiyo, ila umaarufu umeipandisha bei. Pentax KM ya 1975 ni karibu kamera ileile, inatumia lenzi zilezile na ina kitufe cha kujipiga mwenyewe. Ukiikuta kwa bei nafuu, chukua. Mfuko ukiwa mwembamba kabisa kuna Zenit-E ya Kisovieti: nzito kama nyundo, kasi za shata yake ni sekunde 1/30 hadi 1/500 tu, lakini mara nyingi huja na lenzi nzuri ya Helios 44-2. Canon AE-1 inasifiwa sana, ila bila betri ya volti 6 haifyatui, na kifuniko cha juu cha mwili wake ni plastiki.

Hakikisha hamna filamu ndani, kisha fungua mlango wa nyuma. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga na ufyatue kwa kila kasi. Kwenye 1/1000 mwanga uonekane fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, pazia linaburuta. Sekunde 1 ikichukua mbili au ikikwama, grisi imekauka, na gharama ya fundi inaweza kuzidi bei ya kamera. Mulika tochi mbele ya pazia la kitambaa gizani: nukta za mwanga ni matobo. Kwa muuzaji wa mtandaoni, omba video ya majaribio hayo.

Sponji nyeusi za mlangoni zinazozuia mwanga zikinata kama lami, usikatae kamera, punguzia bei. Zikwangue kwa kijiti chenye spiriti, weka uzi mweusi wa sufi kwenye mifereji na ukanda wa sponji kwenye bawaba. Ukiziacha, filamu itaingia mistari ya rangi ya chungwa.

Kipimamwanga kijaribu jua likiwa kali: weka kasi ya filamu ISO 100 na shata 1/125, kipimo kikubaliane na uwazi wa lenzi wa karibu f/16. Kamera zilizoundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, kama Minolta SR-T 101, zikiwekewa ya 1.5 mara nyingi hudhani mwanga ni mwingi na picha hutoka nyeusi. Betri ya kifaa cha kusikia namba 675 hukaribia volti ile. K1000 haina swichi ya kuzima kipimo, hivyo kifuniko cha lenzi ndicho kinachookoa betri.

Lenzi imulike kwa nyuma. Vumbi kidogo si hoja. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, nayo hupenda unyevu wa Mombasa, Tanga na Unguja. Ikishakula kioo alama haitoki. Vibati vya ndani vinavyopunguza tundu la lenzi vikiwa na mafuta hufunga polepole, na picha huungua kwa mwanga. Mkoba wa ngozi uliokuja nayo usiutumie kuhifadhia, maana hushika unyevu. Weka kwenye kopo lenye vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu.