Kabla ya sindano ya kwanza: dawa za kibayolojia za baridi yabisi na hofu ya maambukizi

Daktari akimwambia mgonjwa wa baridi yabisi kwamba methotreksati, dawa ya kwanza ya kawaida ya ugonjwa huu, haitoshi tena na sasa wafikirie dawa za kibayolojia, yaani sindano zinazolenga sehemu moja mahususi ya kinga, swali la kwanza huwa bei. La pili huja jioni, mtu akishasoma kikaratasi kilichomo ndani ya boksi: mbona wameandika dawa hii inaweza kuamsha TB? Swali hilo lina haki ya kuulizwa, hasa kwetu huku. Ila wengi wakishalisoma hufunga mjadala, hurudi kwenye prednisoloni waliyoizoea (dawa ya jamii ya steroidi), na hudhani wamechagua njia salama. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Hofu ya maambukizi si sababu ya kukataa dawa. Ni orodha ya kazi, na nyingi kati ya kazi hizo hufanywa kabla ya sindano ya kwanza.

Tuelewane kwanza tunazungumzia ugonjwa gani. Ni ule wa kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo: vidole vya mikono yote miwili vinavimba, unaamka umekakamaa hata kufunga kifungo cha shati ni kazi, na usipodhibitiwa viungo hupinda visirudi. Magoti yanayouma kwa uzee au uzito hayahusiki, wala dawa hizi hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Kuhusu TB, kisa kinaanza na protini moja iitwayo TNF. Kwenye baridi yabisi, TNF ni mchochezi mkuu wa uvimbe, ndiyo maana dawa kama infliksimabu, adalimumabu na etanasepti zimeundwa kuikamata. Lakini TNF hiyohiyo ina kazi nyingine. Bakteria wa TB wakiingia mwilini, mara nyingi hawauawi wote. Kinga huwazungushia ukuta wa seli na kuwafungia humo, wakakaa kimya miaka na miaka, na mtu haugui wala haambukizi wengine. TNF ndiyo inayoushikilia ukuta ule. Ukiiondoa, viungo vinapata nafuu, na ukuta nao unaweza kubomoka.

Hili lilionekana mapema. Mwaka 2001, miaka michache tu baada ya infliksimabu kuanza kutumika, watafiti walichapisha taarifa za watu 70 waliopata TB baada ya kupewa dawa hiyo. Watu 48 kati yao waliugua baada ya kupewa dozi tatu au pungufu, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wote 70 walikuwa na TB nje ya mapafu: kwenye tezi, tumbo, mifupa. Kasi hiyo ndiyo iliyofanya wataalamu waamini kuwa wengi hawakuambukizwa upya; TB yao ya zamani iliamka. Tangu hapo, kupima TB kabla ya kuanza dawa limekuwa sharti.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria hao. Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwemo kwenye orodha yake ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kwa hiyo kama unatibiwa Muscat, London au Minneapolis lakini umekulia Mwanza au Kisumu, mwambie daktari wako bila kusubiri kuulizwa. Kwake huko TB inaweza kuwa jambo la mbali. Kwako huenda ni jirani wa utotoni.

Na ukiulizwa, jibu vizuri. Mazungumzo haya hutokea sana chumba cha daktari. "Mama, nyumbani kuna mtu amewahi kuugua kifua kikuu?" "Hapana, daktari." Kimya kidogo. "Labda marehemu mjomba, alikohoa muda mrefu, ila walisema karogwa." Mjomba huyo ndiye habari yenyewe. TB bado inafichwa, kwa hiyo kabla ya miadi kaa na shangazi au mtu mzima anayejua ya ukoo, umuulize nani alikohoa, nani alimeza dawa za miezi sita, wewe ulilala chumba kimoja na nani. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda au tezi iliyovimba, sindano ya kibayolojia inasubiri. Makohozi yapimwe kwanza, hasa kwa mashine ya GeneXpert pale ilipo, na picha ya kifua ipigwe.

Kwa asiye na dalili, kuna kipimo cha ngozi na kipimo cha damu. Cha ngozi ni sindano ndogo ndani ya ngozi ya mkono, kisha unarudi baada ya saa 48 hadi 72 muuguzi apapase na kupima ule uvimbe mgumu kwa rula. Wekundu peke yake hauhesabiwi. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa au inakaribia kushushwa, milimita 5 tayari ni jibu chanya. Ukichelewa kurudi, kipimo kimepotea, kwa hiyo usikubali kuchomwa Alhamisi kama zahanati yako haifungui wikendi. Kasoro yake ni kwamba chanjo ya BCG ya utotoni inaweza kukifanya kiwe chanya bila TB. Cha damu, kinachoitwa IGRA, hakidanganywi na BCG, ila ni ghali na hakipatikani kila mahali. Vyote viwili vinaweza kutoa jibu hasi la uongo kwa mtu anayemeza steroidi, kwa hiyo ni vyema vifanywe mapema, kabla dozi ya prednisoloni haijapandishwa.

Kipimo kikiwa chanya na kifua kikaonekana safi, usikate tamaa. Huo si ugonjwa, ni TB iliyolala, na ina dawa ya kuizuia: isoniazidi kwa miezi 6 au 9, au mchanganyiko wa rifapentini na isoniazidi mara moja kwa wiki kwa wiki 12, kutegemea kilichopo katika mpango wa nchi yako. Kwa kawaida hulazimiki kumaliza dozi yote ndipo uanze sindano. Madaktari wengi hungoja angalau mwezi mmoja. Kuna mambo mawili ya kukumbushana na daktari. Isoniazidi na methotreksati zote zinalielemea ini, kwa hiyo vipimo vya ini viwe vya mara kwa mara, pombe iwekwe kando, na vitamini B6 isisahaulike. Na dawa za jamii ya rifampisini, rifapentini ikiwemo, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ya prednisoloni yenyewe na ya baadhi ya dawa za kufubaza VVU. Mwanamke anayemeza methotreksati hatakiwi kabisa kushika mimba, kwa hiyo hilo la vidonge si dogo.

Homa ya ini B ni ya pili kwa uzito. Virusi vyake vinaweza kujificha na kuamka kwa nguvu kinga ikishushwa, zaidi sana kwa rituksimabu, dawa nyingine ya kibayolojia isiyolenga TNF. Omba vipimo viwili, kile cha kawaida cha HBsAg na kile cha kingamwili za "kori" (kiini cha kirusi), kwa sababu cha kwanza kinaweza kuwa hasi ilhali uliwahi kuambukizwa. Kipimo cha VVU nacho kifanyike, na jibu chanya halimaanishi mlango umefungwa. Kisha wapo minyoo wadogo waitwao strongiloidi, wanaopenya ngozi ya miguu peku. Mtu anaweza kuishi nao miaka bila kujua, lakini steroidi zikiwapa nafasi husambaa mwili mzima na kuua. Dozi moja ya albendazo, dawa ya minyoo tuliyoizoea, haiwatoshi. Dawa yao ni ivermektini. Waliokulia kwenye mashamba na udongo wenye unyevu waulizie.

Chanjo zipangwe kabla. Za mafua, nimonia na homa ya ini B hazina kirusi hai, unaweza kuzipata hata ukiwa kwenye dawa, ila hufanya kazi vizuri zaidi zikitangulia, na kwa rituksimabu ni muhimu zaidi zitangulie, la sivyo nguvu yake hupungua sana. Chanjo hai ni habari nyingine: homa ya manjano, surua na BCG hazitolewi ukishaanza. Kama unatarajia safari inayodai kadi ya manjano, chanjwa angalau wiki nne kabla ya sindano ya kwanza. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo tafuta kwanza ile kadi ya zamani kabatini.

Hapa niseme jambo ambalo halisemwi vya kutosha kliniki za wajawazito. Nyingi ya dawa hizi huvuka kondo, hasa miezi mitatu ya mwisho, na mtoto huzaliwa nazo damuni. Huku kwetu mtoto hupigwa BCG siku za mwanzo tu za maisha. Mwaka 2010 iliripotiwa habari ya mtoto aliyefariki kwa maambukizi ya BCG baada ya mama yake kutumia infliksimabu alipokuwa mjamzito. Mama aliyechomwa dawa za aina hii akiwa mjamzito aliandike hilo kwenye kadi ya kliniki kwa herufi kubwa, na amwambie mkunga kwa mdomo pia, ili BCG ya mtoto icheleweshwe mpaka daktari aseme, mara nyingi baada ya miezi 6.

Sasa tupime hatari yenyewe. Uchambuzi wa majaribio 106 uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba, ukilinganisha na dawa za kawaida, dozi ya kawaida ya dawa za kibayolojia huongeza maambukizi makali kama sita hivi kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Sita si sifuri, lakini si mafuriko. Miezi sita ya mwanzo ndiyo yenye hatari zaidi. Dawa zenyewe hazilingani pia. Rejista ya wagonjwa ya Uingereza, katika matokeo ya 2010, ilihesabu TB 144 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kwa adalimumabu, 136 kwa infliksimabu na 39 kwa etanasepti. Hizo ni hesabu za nchi yenye TB kidogo, lakini mpangilio wake unafundisha: ukiishi penye TB nyingi, uliza kwa nini si etanasepti. Rituksimabu haina sifa mbaya kwa TB, ila kumbuka ya ini. Tosilizumabu, nayo ya kibayolojia, huficha homa na kushusha CRP (kipimo cha damu cha uvimbe na maambukizi), kwa hiyo unaweza kuwa na nimonia na vipimo vikasema uko sawa. Vidonge vya tofasitinibu si vya kibayolojia, lakini vinahitaji kipimo kilekile cha TB, na mkanda wa jeshi huwapata sana wanaovitumia.

Upande wa pili wa mizani umekaliwa na kitu ambacho watu hawakiogopi. Prednisoloni ya miaka mingi, inayonunuliwa duka la dawa bila cheti, nayo hushusha kinga, na kadiri dozi inavyopanda ndivyo hatari inavyopanda. Utafiti wa Ulaya wa 2022 kwa wagonjwa wa miaka 65 na zaidi ulionyesha hata miligramu 5 kwa siku kwa miaka miwili ziliongeza maambukizi, ingawa ziliwasaidia viungo. Zile "dawa za asili" za viungo zinazofanya maajabu ndani ya siku mbili zichunguzwe pia. Baadhi ya bidhaa za aina hiyo zimekutwa na deksamethasoni, steroidi kali, ndani yake. Baridi yabisi isiyodhibitiwa nayo yenyewe hudhoofisha kinga. Kama sindano itakuwezesha kuachana na prednisoloni, huenda ukamaliza mwaka na maambukizi machache kuliko sasa. Muulize daktari wazi: tukianza hii, steroidi tunazishusha lini? Kuziacha ghafla ni hatari, zishushwe polepole.

Panga mapema homa ikija utafanya nini. Kwetu njia imezoeleka: kipimo cha malaria, hasi, pakiti ya antibayotiki, nenda nyumbani. Kwa anayetumia dawa hizi, kipimo hasi cha malaria ndiyo kwanza kazi inaanza. Sindano inayofuata isimame, upigiwe picha ya kifua, na homa isiyoeleweka baada ya siku chache itafutiwe TB hata kama hukohoi. Andika jina la dawa na tarehe ya sindano ya mwisho kwenye kikaratasi kikae kwenye pochi, kwa sababu daktari wa usiku hatalijua. Maziwa yachemshwe, ya mtindi wa kienyeji yakiwemo, kwani brusela, listeria na TB ya ng'ombe hupita humo. Mayai yaive.

Sindano zenyewe hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, zisigande, zisigusane na barafu. Anayesafiri nazo kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Songea anahitaji kikasha cha baridi, na kitambaa kati ya dawa na barafu. Nyumbani uliza jirani gani ana jenereta.

Mwisho, pesa, kwa sababu nayo inagusa usalama. Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na nakala za bei nafuu zimekuwa zikiongezeka, lakini bado ni mzigo. Pata kibali cha bima kwa maandishi, kikitaja dozi ngapi na vipimo gani. Kuanza na kuacha na kuanza tena kuna gharama yake: kwa infliksimabu hasa, mwili hujifunza kuikataa, na dripu inayofuata baada ya pengo refu inaweza kuleta mzio mkali. Kama fedha iliyopo inatosha dozi mbili tu, zungumza kwanza kuhusu methotreksati, salfasalazini na haidroksiklorokwini kwa pamoja. Jaribio la 2013 lilionyesha mchanganyiko huo haukuachwa nyuma na etanasepti yenye methotreksati, na vidonge vyake havihitaji friji.