Somo: Feri ya Likoni sebuleni (leso moja, bila simu)

Juma lililopita mvua ilishika siku tatu mfululizo. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, Tudor, hatuna ua. Wanangu, wa miaka 5 na 3, waliganda kwenye simu yangu mpaka chaji ikaisha, na chaji ilipoisha vita vikaanza. Ndipo nikatoa leso (kanga) kabatini, ikawa feri yetu ya kuchezea, mfano wa ile inayovusha watu kati ya kisiwa cha Mombasa na Likoni.

Hatua ya 1: panga bahari. Mkeka upande huu ndio kisiwani. Godoro au mito upande wa pili ndio Likoni. Sakafu ya katikati ni maji. Vigae au saruji laini inafaa. Zulia likunje, maana leso haitelezi juu yake. Meza yenye pembe kali isogeze kabisa.

Hatua ya 2: nauli ni maneno. Hakuna anayepanda kabla ya kujibu: "Umebeba nini?" Akisema "viazi", muulize vingapi, vya aina gani, anampelekea nani huko ng'ambo. Viazi karai viwili, mabuyu mawili, mikate miwili, kaimati mbili: ngeli zinaingia kichwani bila ubao wala chaki. Akisema "mabuyu mbili", usimkosoe. Mjibu tu: "Ahaa, mabuyu mawili! Haya, panda." Masikio yatafanya kazi yao polepole.

Hatua ya 3: vuta. Mtoto akae katikati ya leso, miguu mbele, ashike pindo kwa mikono yote miwili. Asisimame hata kidogo. Vuta taratibu ukirudi kinyumenyume. Utadhani yeye kastarehe tu, lakini ili asipinduke nyuma, tumbo na mgongo vinajikaza safari nzima. Mkirudi, yeye ndiye avute mzigo: mto, au ndoo ya nguo chafu. (Nguo zangu zimefika bafuni zenyewe siku mbili hizi, sina neno.)

Hatua ya 4: kushuka. Hapa ndipo penye utamu, msipaharakishe. Abiria hashuki kwa kutembea. Anashuka kwa amri ya nahodha. "Tembea kama kaa, pita chini ya meza." "Chuchumaa, ruka kama chura, kisha nyata mpaka mlangoni." Mdogo nampa amri mbili kwa pamoja, mkubwa tatu. Anatakiwa azishike kichwani zote huku mwili unafanya ya kwanza. Na maneno kama chini, juu, kando, nyuma anayajua kwa magoti yake, si kwa kuyakariri.

Kisha mpe yeye unahodha. Kutii ni rahisi. Kuamuru ndiko kunakomlazimu mtoto atafute neno. Mdogo wangu aliniambia "fanya hivi" huku akionyesha kwa mkono. Nikajifanya sioni. Akanuna, akafikiri, akasema: "Inama, mama, halafu zunguka kiti." Mnyime ishara kidogo, mpe muda, na usimmalizie sentensi.

Hatua ya 5: vidole. Wakichoka, mizigo ipangwe: vifuniko vya soda kwa rangi, au pojo kikombe hadi kikombe. Aliye chini ya miaka 3 asipewe pojo. Huishia puani au kooni.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka 3 au 4 aushughulishe mwili angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za nguvu hasa, na skrini isizidi saa 1. Feri mbili asubuhi na mbili jioni hazitoshi zote, ila si haba.

Maswali ya wazazi na walezi

*Baba, Bamburi:* Jirani wa chini atanipandia na ufagio. Nifanyeje?

Ndugu yangu, toa chura, weka paka. Kunyata, kutambaa na kutembea kama kaa havina kishindo, tena kwenda polepole ni kugumu kuliko kuruka. Kuruka iwe juu ya godoro, na ikome jua likizama.

*Mama wa mapacha, Kisauni:* Wana miaka miwili na nusu. Mmoja anaongea, mwenziwe anasema neno moja moja tu. Mchezo utamfungua?

Cheza naye, mamangu, ila usiishie hapo. Kwa miaka miwili wengi huwa wameanza kuunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Mpeleke kliniki, na uombe kwanza masikio yapimwe. Nyumbani, hakikisha pacha wake hamjibii kila kitu. Kila mmoja apande feri peke yake.

*Mama, Majengo:* Wangu rangi anazijua kwa Kiingereza tu, kazitoa kwenye katuni.

Usimfungie feri. Akisema kwa Kiingereza, mrudishie kwa Kiswahili na umpandishe. "Ndiyo, kifuniko chekundu. Chekundu kama nini?"

*Nyanya, Mji wa Kale:* Magoti yangu hayanipi ruhusa ya kuvuta mtu. Wajukuu nawawezaje?

Shikamoo nyanya. Wewe kaa kitini, uwe nahodha, wao wavutane. Wakifika ng'ambo wategee: "Kitendawili!" Wakisema "Tega", nawe: "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa wakupe mji, na mpaka wakupe hawashuki. Wangu wameshanipa Lamu, Malindi na Voi, na yai bado hawajalitaja.