Kupima nguvu ya klorini bwawani kwa mita ya ORP

Maji ya bwawa yanaweza kung'aa na kipimo cha rangi kikaonyesha klorini tele, lakini bado mtu akatoka na macho mekundu na maradhi. Rangi inakwambia klorini ipo, haikwambii kama ina nguvu. Mimi nahudumia mabwawa ya hoteli huku Diani, na siku hizi naanza na mita ya ORP, ile inayopima nguvu ya maji ya kuoksidisha uchafu na vijidudu, na kuisoma kwa milivolti.

Kagua mita kwanza. Tumbukiza probu, yaani kijiti chake cha kupimia, kwenye maji yake maalum ya kukagulia. Chupa yangu imeandikwa 470. Ikisoma kati ya 460 na 480, endelea. Ikienda mbali zaidi, mara nyingi platinamu ya nchani imeshika mafuta ya jua wanayojipaka wageni. Isugue taratibu kwa mswaki laini na dawa ya meno, suuza, kagua tena. Usiiguse kwa kidole.

Pima asubuhi kabla ya waogeleaji, pampu ikiwa inafanya kazi. Zamisha mkono hadi kiwiko, mbali na matundu yanayorudisha maji, kwani hapo klorini ni mbichi na itakudanganya. Kisha subiri. Vijana wengi huandika namba ikiwa bado inapanda. Ngoja itulie, hata kama ni dakika kadhaa.

Chini ya 650 hapaogeleki; mimi napenda 700 hadi 750. Ila namba ikishuka usikimbilie ndoo ya klorini. Pima pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji: namba ikipanda, asidi imepungua. Ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali kali ya kuua vijidudu; ikifika 8, ni kama robo tu. Shusha pH kwa asidi kidogo kidogo, acha maji yazunguke, pima tena. Mara nyingi milivolti hupanda bila kuongeza hata kijiko cha klorini.

pH iko sawa na namba bado imelala? Shuku vidonge vya klorini. Vile vinavyoyeyuka polepole huacha asidi ya sianuriki, ambayo huikinga klorini na jua lakini pia huifunga mikono. Kichujio cha mchanga hakiitoi. Mwaga sehemu ya maji, jaza mapya. Meneja atalalamikia bili; mwache alalamike.

Ukimaliza, tia matone ya maji ya potasiamu kloridi kwenye kofia ya probu, uifunge. Usiitunze kavu, wala kwenye maji ya kuongezea betri ya gari, yatainyonya chumvi yake. Wala usiibebe kwenda kisimani: pasipo klorini, namba hiyo haiwezi kukuhakikishia kwamba maji yanafaa kunywewa.