Kufuta historia ya kuvinjari, pamoja na faili zilizofichwa (Windows)

Anza ndani ya kivinjari chenyewe. Katika Chrome, Edge au Firefox bonyeza Ctrl+Shift+Delete, kisha angalia muda kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi huwa umewekwa saa 1 iliyopita, na ndiyo maana watu hufuta leo wakashangaa kuona kurasa za juzi bado zipo. Chagua muda wote, weka alama kwenye historia, vidakuzi (cookies) na kache (nakala za kurasa zilizohifadhiwa kwa muda), ufute. Nywila usiziguse, labda kama unazikumbuka.

Kinachosahaulika ni wasifu (profile) wa pili, yaani mtumiaji mwingine ndani ya kivinjari hicho hicho. Kila wasifu wa Chrome una folda yake, na kufuta historia ya mmoja hakugusi ya mwingine. Bonyeza Windows+R, andika %localappdata%\Google\Chrome\User Data, halafu Enter. Njia hii inakufikisha hata kama folda ya AppData imefichwa. Utaona Default, pengine na Profile 1, Profile 2. Ndani ya kila moja kuna faili iitwayo History, isiyo na kiendelezi (kama .txt) mwishoni. Hiyo inaweza kufutwa, na Chrome itaunda nyingine tupu. Ikikataa kwa madai kwamba inatumika, Chrome bado inafanya kazi chinichini: fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc uifunge kabisa. Futa kwa Shift+Delete ili isiishie kwenye pipa la taka.

Firefox ina mtego. Historia yake imo kwenye places.sqlite, lakini alamisho zako zimo humo humo. Ukiifuta kwa mkono unaweza kupoteza vyote viwili, kwa hiyo huku tumia menyu tu.

Windows nayo hukumbuka majina ya tovuti. Fungua Command Prompt, andika ipconfig /displaydns uyaone, kisha ipconfig /flushdns kuyaondoa.

Faili iliyofutwa kwenye diski ya kuzunguka (HDD) bado inaweza kufufuliwa. Amri cipher /w:C:\ huandika juu ya nafasi tupu bila kugusa faili zilizopo. Huchukua saa kadhaa, basi iache usiku. Kwenye SSD (diski isiyozunguka) usijisumbue nayo: inaichakaza bure, na TRIM, amri ambayo Windows huipa SSD isafishe nafasi ya faili zilizofutwa, kwa kawaida hushughulikia nafasi hiyo.

Kama kivinjari kimeunganishwa na akaunti, nakala ya historia iko pia kwenye seva. Hiyo hufutwa kwenye ukurasa wa akaunti yenyewe. Kumbukumbu za ruta na za mtoa huduma wa intaneti hazifikiwi na hatua yoyote hapo juu.