Mwenzako Akinyamaza: Jinsi ya Kumwelewa Bila Kumzulia

Ujumbe umesomwa, alama mbili zimegeuka buluu, jibu hakuna. Hapo akili huanza kujaza pengo: "Amenidharau." Kabla hujaandika ujumbe wa pili, anza na mwili wako. Shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Yakipita 100 nawe umekaa tu, bado hujawa tayari kumwelewa mtu. Pumzika angalau dakika 20, na usizitumie kupanga majibu makali, maana hasira haitashuka.

Ukitulia, tenga ulichokiona na ulichokidhania. Ulichokiona ni kwamba amesoma saa 7 mchana na hajajibu. Dharau ni dhana yako. Jiulize pia kuna nini chini ya hasira. Mara nyingi ni hofu ya kuachwa, au aibu. Kisha tafuta maelezo mengine matatu: yuko kazini, hajui aseme nini, ameumia. Moja halitoshi, kwa sababu linalokuja kwanza huwa ni lile unaloliogopa.

Halafu muulize, ana kwa ana ikiwezekana: "Uliponyamaza mchana nilipata wasiwasi. Ulikuwa unawaza nini?" Usianze na "kwa nini", husikika kama mashtaka, naye atajitetea badala ya kufikiri. Wengi huharibu hapa: wanauliza, kisha wanamjibia. Subiri. Akisema "sijui", huenda ni kweli, hata yeye bado hajajielewa. Kubalianeni mlizungumze tena baada ya chakula cha jioni, na mlizungumze kweli.